Kabla ya kununua nyumba ya mawe Lamu

Ukipelekwa kutazama nyumba ya kale ya Lamu, macho hukimbilia mlango wa nakshi na zidaka za ndani, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani, na moyo huwa ushanunua kabla mdomo haujauliza bei. Nakusihi uulize kwanza: nyumba hii ni ya watu wangapi?

Swali hilo ndilo litakalokula muda wako mwingi, na uliache liule. Nyumba za Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe mjini Lamu, zimerithiwa kizazi baada ya kizazi, na jina lililoko kwenye hati huenda ni la babu aliyefariki zamani. Katika mirathi ya Kiislamu kila mrithi ana fungu lake, hata dada aliyeolewa Mombasa na hajakanyaga Lamu kwa miaka. Anayekushika mkono kukuonyesha vyumba huenda hana zaidi ya fungu moja dogo. Taka kuona uamuzi wa mahakama unaowataja warithi, mara nyingi wa Mahakama ya Kadhi, kisha wote watie sahihi mbele ya wakili uliyemchagua wewe. Ulizia pia kama kuna sehemu iliyowekwa wakfu, kwa maana hiyo si mali ya mtu kuuza. Wazee wa mtaa hujua mengi ambayo rejista ya ardhi haikuyaandika. Nenda ukawaamkie mapema.

Rejista nayo usiiruke. Wakili apekue hati, na mpima ardhi aende nyumbani penyewe, kwa sababu ukuta mmoja hubeba nyumba mbili, ghorofa ya juu huweza kuwa ya mwingine, na wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, huzua ugomvi usipojulikana ni cha nani. Weka kando pesa za ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini. Asiye raia wa Kenya, kwa Katiba ya 2010, hupata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya husimamia uhifadhi wake. Kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha sura ya nje huhitaji idhini. Nenda kwao na mchoro wako kabla hujalipa chochote. Kama ndoto yako ni madirisha mapana ya vioo, tafuta kiwanja kwingine. Mji huu tumeachiwa tuutunze.

Sasa nyumba yenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba. Boriti huanza kuoza pale inapoingia ukutani, kwa hiyo fundi achokoe ncha hizo moja moja, akitazama na mchwa. Ukikuta ukuta wa kale umepigwa saruji, ingia na wasiwasi: chokaa huacha unyevu utoke, saruji huufungia ndani, na chumvi huula ukuta taratibu chini ya lipu inayong'aa. Rudi kuitazama nyumba hiyo hiyo wakati wa masika, mvua ikinyesha. Mtafute fundi aliyezoea chokaa, na upige hesabu ya uchukuzi pia, maana vichochoro haviingii lori na mawe yako yatafika mgongoni mwa punda. Onja maji ya kisima.

Mwisho, kaa mtaani siku chache. Pita jioni uone ni nani huketi kwenye daka, yaani baraza ya mlangoni, la nyumba unayoitaka. Wapo waliozungumza hapo tangu ujana wao, nao watakuja kesho yake kama kawaida, uwe umenunua au hujanunua.