Nyuzi za flati kwenye gitaa la besi: jinsi ya kuchagua seti usiyoijutia

Seti yangu ya kwanza ya flati ilikuwa na uzi wa E mnene kama waya wa kuanikia nguo. Niliiagiza kwa sababu moja tu: nilisikia kwamba James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit, alikuwa akitumia seti ya 52-110 (ni namba za unene, nitazieleza kwenye Hatua ya 4). Nikaifunga mchana, usiku tukawa na kazi ya harusi, na ilipofika saa sita mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Kesho yake nikakuta shingo ya gitaa imepinda kama upinde wa Mhadzabe. Nyuzi hazikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyenunua nyuzi za mkono wa mtu mwingine.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane kidogo. Uzi wa besi ni waya wa ndani uliozungushiwa waya mwingine kwa nje. Kwenye raundi, ambazo ndizo zinazokuja na magitaa mengi mapya, waya wa nje ni wa duara, ndiyo maana ukipitisha ukucha unakwaruza. Kwenye flati waya huo ni bapa kama utepe, na uso wa uzi unakuwa laini. Matokeo yake mlio mkali wa juu unapungua, kelele za vidole vikiteleza zinakwisha, na inabaki sauti nene inayodunda kisha ikanyamaza, jirani kabisa na ile besi kubwa ya kusimama. Precision Bass ya Fender ilipotoka mwaka 1951 ilifungwa nyuzi za aina hii. Raundi zilipata nguvu kuanzia 1966, pale John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, alipokaa na watu wa kiwanda cha nyuzi cha Rotosound huko Uingereza akitafuta uzi unaolia kama piano.

Hatua ya 1: Angalia unapiga nini

Dansi la taratibu, rumba, rege, soul, nyimbo za kanisani, taarab ambayo besi inapita chini ya kodiani na fidla: flati zinakaa vizuri. Kama kazi yako kubwa ni kuchapa kwa kidole gumba, ishia hapa, baki na raundi. Kwenye sebene bado nabishana na wenzangu. Wao wanataka besi ing'ate, mimi naona flati ikifunguliwa vizuri kwenye amplifaya inang'ata vya kutosha. Na usidhani hizi ni nyuzi za wazee peke yao, maana Steve Harris wa Iron Maiden anapiga roki nzito kwa flati.

Hatua ya 2: Pima gitaa

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka kwenye kile kipande chenye mifereji minne, pale shingo inapokutana na kichwa, hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), kisha zidisha mara mbili. Ukipata karibu sentimita 86 (inchi 34), hilo ni gitaa refu la kawaida. Ukipata karibu 76 (inchi 30), ni fupi, kundi la Höfner 500/1 na Fender Mustang, na lina seti zake. Angalia pia kama nyuzi zinapita ndani ya mbao kutokea nyuma, kwa sababu hapo unahitaji seti ndefu zaidi na si flati zote zinafaa kukunjwa namna hiyo.

Hatua ya 3: Pima mkono wako

Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unene si uzito wa mkononi. Kinachochosha vidole na kuvuta shingo ni mvutano, nao unatokana na vitu vitatu: urefu wa gitaa, sauti unayotyuni, na uzito wa uzi wenyewe. Seti mbili zenye namba zilezile kwenye pakiti zinaweza kutofautiana sana mkononi, kwa kuwa viwanda havitumii waya wa ndani unaolingana. Na flati, kwa unene uleule, mara nyingi huwa ngumu kuliko raundi, kwa kuwa utepe bapa hauachi nafasi tupu kama waya wa duara.

Kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi. Chukua nyuzi ulizonazo sasa, zishushe zote nusu toni. Mvutano umepungua kama asilimia 11. Piga nusu saa nzima, nyimbo zako halisi, usichezee tu. Kesho yake zipandishe nusu toni juu ya kawaida, taratibu, mvutano uongezeke kama asilimia 12, upige tena nusu saa, kisha uzirudishe mahali pake. Ukipenda zilipolegea, wewe ni mtu wa seti nyepesi. Ukipenda zilipokaza, tafuta nzito. Kama hukuona tofauti, seti ya kati inakutosha, na una bahati kuliko mimi.

Mwenye gitaa fupi ajue kwamba uzi uleule kwenye sauti ileile unalegea kwake kwa kama asilimia 22. Seti ninayoiona ngumu mimi, kwake inaweza kuwa tamu.

Hatua ya 4: Soma pakiti

Namba ni elfu za inchi. 45 ni milimita 1.14, na 110 ni karibu 2.8. Sasa linganisha unachokipenda na vilivyoko sokoni:

Thomastik-Infeld Jazz Flats, za Vienna, seti ya JF344: 43, 56, 70, 100. Ni laini mkononi kuliko flati zote nilizozishika, na bei yake inauma. Anayechapa nyuzi kwa nguvu atazisikia zikigonga freti.

D'Addario Chromes, 45 hadi 100: ni za chuma cha pua, mlio wake unang'aa zaidi ya wenzake, mvutano wake ni wa kukaza. Kwa anayetoka kwenye raundi na anaogopa kupoteza mlio wote, ningeanza hapa.

Rotosound 77: waya wa nje ni moneli, yaani mchanganyiko wa nikeli na shaba. Zina mngurumo wa katikati.

La Bella Deep Talkin' Bass: zipo za 43-104 na 45-105 kwa binadamu wa kawaida, na ipo ile 52-110 ya Jamerson. Sauti yake ni ya kale hasa. Ninazo za 43-104 kwenye gitaa la kazini, na sina mpango wa kuzitoa.

Hatua ya 5: Nunua kwa macho

Flati huwa ghali, mara nyingi karibu mara mbili ya raundi. Lakini huku pwani, jasho na hewa ya chumvi vinazila raundi upesi, wakati flati haina mifereji ya kuhifadhi uchafu na inakaa miaka. Bei ikiwa chini mno, ujue kuna jambo. Niliwahi kuuziwa seti yenye jina kubwa, uzi wa A hautulii kwenye sauti hata ufanyeje. Siku hizi namwagiza mtu anayesafiri, namtumia picha ya pakiti na namba yake kamili.

Hatua ya 6: Funga

Badilisha uzi mmoja baada ya mwingine ili shingo isishtuke. Kabla ya kukata ncha, kunja uzi kwanza digrii 90 pale utakapoingia kwenye kigingi, ndipo ukate mbele ya kona hiyo. Ukikata kabla ya kukunja, utepe wa nje unaweza kulegea juu ya waya wa ndani na uzi ukafa hapohapo. Sehemu nene isizungushwe kwenye kigingi. Inayozungushwa ni ncha nyembamba, ambayo mara nyingi imevishwa nyuzinyuzi za rangi.

Uzi ukikataa kuingia kwenye mfereji wake karibu na kichwa, usikimbilie kuupanua mfereji kwa tupa. Tumia seti hiyo wiki kadhaa kwanza.

Hatua ya 7: Rekebisha, kisha subiri

Tyuni, acha usiku kucha. Asubuhi bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, uangalie uwazi uliopo freti ya 7. Unatakiwa upitishe kadi ya biashara, karibu milimita 0.3. Uwazi ukizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko tu, pumzika, pima tena. Halafu linganisha sauti ya freti ya 12 na ile ya kugusa uzi hapohapo bila kubana. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha nyuma, mbali na shingo, kitandiko cha uzi, kile kipande kinachoubeba kwenye daraja kule mwisho wa nyuzi.

Siku za mwanzo zitakukera kwa mlio wa kung'aa. Zipe wiki tatu za jasho lako. Ukitaka mlio huo ufe haraka zaidi, chomeka kipande cha sponji ya godoro chini ya nyuzi karibu na daraja. Jamerson naye alikuwa na sponji pale.

Zile raundi ulizozitoa zikunje, ziandike herufi, zitie kwenye bahasha. Ukija kuzihitaji utafurahi hukutumia tupa, kwa sababu uzi mwembamba kwenye mfereji uliopanuliwa unalia kama nzi kwenye chupa.