Kuandaa tanki la maji chumvi nyumbani Dar, kabla samaki hajaingia

Wengi wanaonifuata kuhusu samaki wa baharini huanza kwa kuuliza samaki. Mimi huanza na sebule: saa nane mchana mwezi wa pili joto linafika ngapi humo ndani, na umeme ukikatika mpaka jioni, nani atapuliza hewa kwenye tanki? Ukishakuwa na majibu, twende.

Hatua ya 1: Mahali

Tanki la lita 200 likijaa maji, mawe na mchanga linavuka kilo 250. Meza ya TV haibebi. Mpe fundi achomelee stendi ya chuma, halafu ipigwe rangi ya kuzuia kutu vizuri, maana matone ya chumvi hula chuma. Liweke mbali na dirisha la jua, usije ukafuga mwani.

Hatua ya 2: Maji

Maji ya bomba yana klorini, na visima vingi vya Dar vina chumvi na madini yake usiyoyajua. Nunua maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO (inayosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi na madini), uchanganye na chumvi maalumu ya akwariamu. Chumvi ya mezani haifai: ni sodiamu kloridi karibu tupu, wakati bahari ina magnesiamu, kalsiamu na mengine. Changanyia kwenye pipa, pampu izungushe usiku kucha, ndipo upime. Unatafuta gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji. Kwenye haidromita, kipimo kinacholinganisha uzito wa maji yako na maji matupu, isomeke 1.025 hivi.

Na maji ya bahari yenyewe je? Yanafaa, ila si ya kuchota Ocean Road wala karibu na mdomo wa mto Msimbazi, na masika usijaribu kabisa. Mwombe mwenye boti akuchotee mbali nje, bahari ikiwa imejaa, kisha uyachuje.

Hatua ya 3: Joto

Hapa ndipo Dar inapotutesa. Unataka nyuzi 25 hadi 27, na maji yakipanda joto yanabeba oksijeni kidogo. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu, ingawa siku za unyevu mwingi nguvu yake hupungua. Feni hiyo hiyo inakausha maji, na kinachokauka ni maji tu, chumvi inabaki. Kwa hiyo bandika selotepu kwenye kioo usawa wa maji, na kila asubuhi rudishia pengo kwa maji ya RO yasiyo na chumvi. Ukirudishia ya chumvi, mwisho wa mwezi tanki limekuwa kali kuliko bahari.

Nunua pia pampu ya hewa ya betri. Kwangu hiki ni kifaa cha lazima kuliko taa ya bei mbaya.

Hatua ya 4: Kulea bakteria

Weka mawe na mchanga, washa pampu, kisha nenda soko la samaki la Feri ununue kamba mmoja mbichi. Mmenye, mfunge kwenye soksi ya nailoni, mtumbukize. Akioza anatoa amonia, na amonia ndiyo chakula cha bakteria unaowataka. Kipimo cha amonia kikifika miligramu 2 kwa lita, mtoe, maana harufu haitawapendeza majirani. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza kuwa naitreti, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Maji kuwa meupe kama kioo si ushahidi. Ushahidi ni amonia sifuri na naitraiti sifuri.

Hatua ya 5: Samaki

Kwanza apite karantini, beseni la pembeni lenye kichujio cha sponji, wiki 4. Ugonjwa wa madoa meupe ukiingia tanki kuu, kuutoa ni kazi. Dawa ya shaba itumike huko huko tu. Inaua matumbawe na kamba.

Aliyetoka duka la hapa hapa mjini, acha mfuko uelee dakika 20, kisha umdondoshee maji taratibu kwa mpira wa dripu wa duka la dawa, ile roda yake, kigurudumu cha kubana mpira, inakupa matone unayotaka. Aliyesafiri siku nzima usimfanyie hivyo. Ndani ya mfuko hewa chafu yake imeshusha pH (kipimo cha asidi ya maji; ikishuka, asidi imezidi), na hiyo ndiyo imeipooza amonia. Ukifungua, pH inapanda na amonia inakuwa sumu kali. Sawazisha chumvi ya beseni mapema ifanane na ya mfuko, acha mfuko uelee ukiwa umefungwa, fungua, mhamishe papo hapo. Maji ya mfuko mwaga.

Hatua ya 6: Matumbawe

Subiri miezi mitatu hivi. Usiyang'oe Mbudya wala Bongoyo. Ni hifadhi za bahari tangu 1975. Tafuta vipande vilivyokuzwa na wafugaji. Anza na laini, viweke chini kwenye mwanga hafifu, upandishe kidogo kidogo. Magumu yanataka kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, kwa hiyo kanunue kipimo chake kabla hujalipia kipande.