Gapi Wako Ana Mimba? Haya Yafanye Kabla Hajazaa

Usisubiri vifaranga, yaani watoto wa samaki, waanze kutoka ndipo ukimbilie duka la samaki. Mimba ya gapi, samaki mdogo wa mapambo anayefugwa kwenye tangi la kioo, ni ya wiki 3 hadi 4 tu, na jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa. Hata ukimwondoa dume leo, mama huyo ataendelea kuzaa.

Anza na maji. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo isiyofunikwa kwa saa 24 ili klorini itoke, na kila wiki badilisha kama robo ya maji ya tangi, usiyamwage yote. Joto likae kati ya nyuzi 24 na 28. Dar es Salaam hilo halina shida. Ukiwa Njombe au Limuru, nunua hita. Mdomo wa filta uvalishe sponji, la sivyo vifaranga watavutwa humo. Dume akimsumbua jike, mtoe.

Kujua siku imekaribia, usitegemee lile doa jeusi karibu na mkia, kwa sababu majike wengi wanalo muda mrefu tu. Tazama umbo. Tumbo likianza kuwa na pembe badala ya mviringo, samaki akajitenga pembeni na kukataa chakula, basi muda umefika. Kumfungia peke yake wiki nzima kabla ya hapo ni kumtesa. Akipata hofu anaweza kuwatoa watoto ambao hawajakomaa, bado wana kiini cha yai tumboni, na hao ni nadra kupona.

Sasa kizimba cha kuzalia. Gapi hula watoto wake, ndiyo maana watu huwatenga. Kizimba cha dukani ni bei, kwa hiyo wengi hushona cha neti. Nakuomba sana: usiguse chandarua cha mbu.

Kuna kijana mtaani kwetu aliyekuwa na tangi zuri, gapi wa rangi zote, na majike kadhaa wenye matumbo makubwa. Alikata kipande cha chandarua cha zamani, akakifua vizuri, akakishona kwenye fremu ya waya na kukitumbukiza ndani ya tangi jioni. Usiku samaki walianza kuogelea kiubavu na kutetemeka, wengine wakirukia juu kama wanaokosa hewa. Yeye akadhani ni hewa kweli, akaongeza pampu. Asubuhi tangi zima lilikuwa limekufa, wakiwemo wale ambao hawakuwa kizimbani. Alilia, na sikumlaumu, maana hakuna aliyekuwa amemwambia.

Vyandarua vingi tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, iliyotengenezwa kwa kuiga sumu ya asili ya maua ya pareto. Binadamu haimdhuru kwa kiasi kile, ila samaki inamuua hata ikiwa kidogo mno. Kufua hakusaidii, kwa kuwa vyandarua hivyo vimekusudiwa kubaki na dawa hata baada ya kufuliwa mara 20. Kuukuu au kipya, kikae mbali na tangi.

Na dawa ya mbu ya kupulizia ni ndugu wa hiyohiyo. Pampu ya hewa huivuta chumbani na kuipeleka moja kwa moja majini. Usipulize chumba chenye tangi. Aliyekwisha kupuliza, azime pampu, afunike tangi na kufungua madirisha yote.

Ukitaka usalama bila kizimba, jaza majani: mimea ya kuelea yenye mizizi mingi au mosi ya Java (mmea mdogo wa majini), vifaranga wajifiche humo. Mama akimaliza, mtenge nao. Chakula chao ni cha samaki kilichosagwa kuwa unga, au kiini cha njano cha yai la kuchemsha, chembe tu kwenye ncha ya kijiti, maana ukizidi unaozesha maji.

Mengine ni ya kawaida. Ndoo ya samaki isiwahi kuwekwa sabuni. Mikono yenye losheni au mafuta usiitumbukize. Watoto wasigonge kioo. Na vifaranga wakizidi, wagawie wenzako. Usiwamwage mtoni wala bwawani.