Jinsi ya kupanga kozi zako za BA tangu mwaka wa kwanza (wanaoanza chuo Mwanza someni hii)

Wadogo zangu mnaoshuka stendi ya Nyegezi na mabegi kwenda Malimbe, kilipo chuo cha SAUT, kuanza BA, iwe ya sosholojia, ualimu, lugha au uandishi wa habari, ukishapata geto na godoro kitu kinachofuata ni prospekta ya chuo chako, yaani kile kitabu chenye programu na kozi zote. Usiisome yote kwenye simu usiku kucha, tafuta kurasa za programu yako tu, peleka steshenari wakuprintie, alafu nunua kauntabuku moja ya kazi hii tu. Chora safu: namba ya kozi (course code), jina, krediti, ya lazima au opsheni, semista gani, na safu ya gredi uiache wazi.

Sasa hesabu. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka digrii ya kwanza isipungue krediti 360, kwa miaka 3 yenye semista 6 ina maana krediti 60 kila semista. Krediti 1 ni masaa 10 ya kazi, kwaiyo kozi ya krediti 10 ni masaa 100, na kama ina vipindi vya masaa 3 kwa wiki, kwa wiki 15 unapata masaa 45 tu darasani, hayo 55 yaliyobaki ni yako na kimbweta (yale mabenchi ya kusomea nje), kusoma, asaimenti, kujiandaa na test. Anayeishi kwa desa (notsi za darasani) peke yake anafanya chini ya nusu ya kozi na hata hajui.

Alafu 360 sio za kuokoteza. Kuna kozi za chuo kizima kama DS (Development Studies) na stadi za mawasiliano, kuna za lazima za idara, na kuna opsheni. Wa ualimu nyie mna masomo mawili ya kufundishia, mfano Historia na Kiswahili, na lazima krediti zitimie pande zote mbili pamoja na mazoezi ya kufundisha, kwaiyo tenganisha kabisa kurasa kwenye kauntabuku.

Opsheni ndo watu wanazichezea, na mimi hapa naumia kweli. Mtu anachukua teremko (kozi rahisi), au anafuata alikoenda rumeti, miaka mitatu inaisha ukimuuliza anajua nini kwa undani hana jibu. Fanya hivi: jiulize kitu gani unataka kukielewa, opsheni zote zielekee huko. Mfano uko sosholojia na unataka kuelewa maisha ya wamama wa biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, basi chukua ya jinsia, chukua maendeleo vijijini, chukua mazingira kama idara inayo, ukifika mwaka wa tatu kwenye utafiti wako tayari una maswali ya kwenda nayo pale kwenye magunia, unajua nani anakopa kwa nani na kwa nini, na lecha anayekusimamia anaona mtu aliyejipanga. Weka na opsheni mbili za akiba kwa sababu kozi ikikosa watu wa kutosha inaweza isifunguliwe, na usajili kwenye sistimu usisubiri siku ya mwisho.

Krediti zinabeba pia GPA, yaani wastani wa pointi zako. Chukulia A ni pointi 5 na B ni 3. Una kozi ya krediti 12 na nyingine ya 8. Ukipata B kwenye ya 12 na A kwenye ya 8, ni 36 jumlisha 40, gawa kwa 20, unapata 3.8. Geuza, A iende kwenye ya 12, inakuwa 4.2. Gredi zile zile! Fesiti klasi inaanzia 4.4, apa sekondi 3.5, loa sekondi 2.7, kwaiyo kozi zenye krediti nyingi ndo zipewe masaa mengi. Zile ambazo bila kuzifaulu huwezi kuchukua kozi ya mbele yake zipigie mstari mwekundu, sababu ukifeli hadi sap (mtihani wa marudio) ukaibeba, mara nyingi unaisubiri mpaka semista kama hiyo mwakani, na ile ya mbele nayo inasogea.

Kwa wanaofikiria kuomba vyuo vya Marekani, kule digrii ya miaka 4 huwa ni krediti kama 120, ila zinahesabiwa tofauti, usizilinganishe na 120 zetu za mwaka mmoja. Na hata ukisomea historia, vyuo vingi vitakudai kozi za sayansi na hesabu.

Mwisho wa kila semista jaza gredi, jumlisha krediti ulizofaulu, na zikipishana na za kwenye sistimu nenda idarani wiki hiyo hiyo ukiwa na karatasi zako, usingoje semista ya 6 wakati majina ya wahitimu yanaandaliwa. Angalia na jina lako limeandikwa kama kwenye cheti cha fomu foo, herufi kwa herufi, kama kuna tofauti lianze kushughulikiwa ukiwa bado mwaka wa kwanza.