Somo: Kushuka bandarini Ziwa Nyasa bila kuachwa na meli

Wapendwa, habari za jioni. Kuna mwenzetu aliuliza kama mtu wa Mbeya anaweza kula likizo ya meli bila kwenda hadi Zanzibar. Anaweza, meli ipo Kyela. Mimi mwenyewe sipandi kutalii. Nauza dagaa soko la Soweto hapa Mbeya, ziwani nafuata usipa, yaani dagaa wa Nyasa. Ila bandari zile nimezishuka mara nyingi, na kila safari naona wageni wakirudia kosa lile lile: wanatazama saa, hawatazami mzigo.

Hatua ya 1: Jua meli inaondokea wapi. Kyela kuna bandari ya Itungi na ya Kiwira. Itungi inasumbuliwa na mchanga, kwa hiyo usifunge safari mpaka umeuliza. Piga simu siku moja kabla, kisha upige tena asubuhi yenyewe. MV Mbeya II, iliyoanza safari mwaka 2021, inachukua abiria 200 na tani 200 za mzigo. Upepo ukichafuka au fundi akiingia injini, ratiba inasogea. Kutoka mjini unapita Uyole, Tukuyu, halafu unateremka. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ziwa halizidi mita 500, hivyo sweta utalivua mwenyewe ukishaipita Tukuyu.

Hatua ya 2: Begi la kushukia liwe dogo. Tiketi, kitambulisho, maji, ndala, na hela ndogo ndogo. Ukimpa noti ya elfu kumi mama wa maandazi asubuhi ile, hana pa kuitoa chenji. Begi kubwa mwachie jirani uliyepanda naye, mkishasalimiana vizuri.

Hatua ya 3: Soma mzigo. Hapa ndipo penye somo. Meli haisimami kijijini kwa ajili yako, inasimama kwa ajili ya shehena. Kabla ya kushuka, nenda pale wapagazi wanapojipanga uone kinachotolewa. Ukiona saruji, bati na kreti za soda, na nchi kavu kuna magunia ya mihogo na dagaa yanasubiri kupanda, una nafasi ya kula na kutembea. Ukiona magunia machache ya chumvi na godoro moja, nyoosha miguu ufukweni, macho yasiitoke meli. Kisha muulize baharia, "Kaka, mnapakia nini hapa?" Usimuulize mnaondoka saa ngapi, atakutajia saa ili akuridhishe tu.

Honi nayo usiitegemee. Siku niliyoachwa Liuli sikuisikia, nilikuwa kanisani. Mzigo ulikuwa magunia manane, nami niliyahesabu kwa macho yangu kabla ya kuondoka. Niliporudi nikakuta wapagazi wamekaa juu ya mtumbwi wanagawana hela, na meli imebaki ukubwa wa kiatu. Nilimalizia kwa pikipiki hadi Mbamba Bay, vumbi mpaka kwenye kope.

Hatua ya 4: Chagua bandari za kushuka. Usishuke zote.

Matema shuka. Milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja, na maji yanakuwa ya bluu nzito hatua chache tu kutoka mchangani. Ikiangukia Jumamosi, nenda gulio la Lyulilo pale jirani, ndipo wanawake wa Kikisi wanaposhusha vyungu kutoka Ikombe. Kabla ya kununua, kishike chungu kwa vidole vya mkono wa kushoto, kiwe kinaning'inia, kisha kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti ya ubao kina ufa, hata kama hauonekani.

Lupingu na Manda, zote za Ludewa: kula samaki, rudi melini. Ukiachwa Lupingu njia yako ni kupanda ule mlima.

Liuli ina mwamba mkubwa ulioinuka majini. Wajerumani waliufananisha na sanamu ya Misri ya simba mwenye kichwa cha mtu, wakapaita Sphinxhafen. Agosti 1914 Waingereza walikuja hapo na meli yao Gwendolen, wakaipiga Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kuwa vita imeanza, na yule Mwingereza alikuwa mwenzake wa kunywa naye. Kila nikipita pale namfikiria yule nahodha wa Kijerumani.

Mbamba Bay ni mwisho wa safari, huko shuka na mizigo yako yote.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Uyole: Shikamoo mama. Naogopa mawimbi, niende mwezi gani?*

Marahaba mwanangu. Kwepa Juni hadi Agosti, upepo wa kusini unakuwa mkali. Ukilazimika, kaa katikati ya meli na chini, tafuna tangawizi, na usipande na tumbo tupu.

*Mwanachama wa Iringa: Watoto wanaweza kuoga? Nasikia kuna kichocho.*

Kipo. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, hasa karibu na midomo ya mito na pale watu wanapofulia. Hakuna ufukwe nitakaokuapia kuwa ni salama. Wakiingia majini, wapeleke wakapimwe baada ya wiki sita hivi na kuendelea, na mwambieni daktari walioga Nyasa. Mkiwahi mno minyoo inakuwa bado michanga, na dawa haiiwezi vizuri. Na chandarua mchukue. Sisi wa baridi malaria inatuangusha kuliko wenyeji.

*Mwanachama wa Makambako: Dada, nikishafika Mbamba Bay lazima nisubiri meli irudi?*

Si lazima. Kuna lami Mbamba Bay hadi Mbinga, kisha Songea, Njombe, unatokezea hapo hapo kwenu. Mimi narudi hivyo nikiwa na dagaa, maana usipa haupendi kusubiri.

*Mwanachama wa Uyole tena: Mama, chungu kitafika kizima kweli?*

Kijaze nguo zako ndani, kizungushie kanga na majani makavu ya migomba, ukipakate. Kwenye buti la Coaster hapana. Ukifika nyumbani kipikie uji mwepesi mara ya kwanza, uzibe vitundu. Changu cha kwanza nilikiwahisha maharage, kikavuja jikoni usiku kucha.