Kuigiza wawili wanaopendana na bado hawajaambiana

Vijana ninaowafundisha uigizaji hapa Kisumu, wakipewa igizo la kuchekesha la wawili wenye mahaba, hukimbilia kurembua macho. Dada anauma kidole, kaka anajishika kifua, na watazamaji wanajua yote kabla mchezo haujakolea. Watacheka nini tena, na hakuna kilichofichwa?

Tafuteni kwanza shughuli inayowakutanisha hao wawili, kisha wagombane juu yake. Mimi hutumia fundi cherehani wa soko la Kibuye na kijana wa boda aliyekuja kushonewa suruali. Kijana anataka apunguziwe bei, fundi anataka alipwe nusu kabla ya kukata kitambaa. Hiyo bei igizeni kwa moyo wote! Anayesema "Mia tano ni nyingi, fundi" awe anazililia pesa zake kweli. Lile lingine watazamaji watalisikia wenyewe.

Mapenzi yapitishieni kwenye kitu, na hapa kitu chenyewe ni tepu. Mara ya kwanza fundi anapima harakaharaka, macho kwenye inchi: "Kiuno thelathini na mbili." Anaandika kwenye daftari. Kijana amebana tumbo mpaka anashindwa kupumua. Siku nyingine anarudi, eti suruali inabana. Anapimwa tena, sasa mkono umepunguza mwendo, na fundi akimaliza kiuno anampima mabega. Mabega, na ni suruali! Hapo msigeukie watazamaji wala msitabasamu. Andika hayo mabega kwenye daftari kama kazi nyingine yoyote.

Mara ya tatu kijana ananyoosha mikono kabla hajaambiwa, naye fundi anasema, "Thelathini na mbili," tepu ikiwa bado inaning'inia shingoni mwake. Nyamazeni. Macho yakutane hapa, na iwe mara moja tu katika igizo zima. Kwingine kote mmoja amtazame mwenzake akiwa ameinama au amegeuka. Kicheko kitapanda. Msikiingilie, lakini pia msikingoje kife chote, kikianza kushuka tu, kijana ashushe mikono aseme, "Mia nne na hamsini."

Cherehani ikae katikati yao kuanzia mwanzo, ili kila anayeizunguka awe na sababu. Mkiondoa kizuizi mapema mtabaki mmesimama ana kwa ana hamna pa kwenda. Na kabla ya mazoezi kubalianeni wazi tepu itagusa wapi na haitagusa wapi. Mwigizaji anayehofia mkono wa mwenzake hawezi kuchekesha, na si haki kumlazimisha.

Utani wa matusi uacheni kabisa. Ukumbini kuna wazazi na watoto, ndiyo, ila sababu yangu kubwa ni kwamba neno chafu linasema waziwazi kile ambacho hawa wawili wanahangaika kukificha.

Mkikwama mazoezini, ondoeni maneno yote mbaki na namba. Fundi aseme inchi tu, kijana aseme shilingi tu, mgombane hivyo igizo zima: thelathini na mbili, mia tano, arobaini, mia nne. Mwenzenu mmoja akae pembeni atazame. Akianza kucheka bila kuambiwa hadithi ni ya nini, rudisheni maneno.