Kukomaza miundi kwa Muay Thai: acha chupa, rudi kwenye gunia

Wanafunzi wapya wa Muay Thai, ndondi za Kithai za ngumi na mateke, huniuliza sana kuhusu chupa: nisugue muundi kwa chupa ili uwe mgumu? Usisugue. Mfupa hukomaa kwa kubebeshwa mzigo kidogo kidogo na kuachiwa muda wa kujijenga, na kazi hiyo ni ya miezi. Chupa itakuumiza ngozi na utando wa mfupa, basi.

Hatua ya 1: Kamba. Ruka dakika 10, ukitua kwa vidole, magoti yamelegea. Kisha nyanyua visigino mara 20, seti 3. Shavu la mguu likiwa dhaifu, muundi ndio unaobeba kila mshindo.

Hatua ya 2: Gunia. Kazi yenyewe iko hapa. Tafuta gunia la kupigia lililojazwa vitambaa, na upige katikati, maana chini vitambaa hushindiliana pakawa pagumu. Mwezi wa kwanza piga mateke 50 kila mguu, mara 3 kwa wiki, kwa nusu ya nguvu. Sasa pitisha kidole kwenye muundi kutoka gotini kwenda chini: juu mfupa ni mpana, ukikaribia kifundo umekonda. Piga kwa muundi wenyewe, kamwe si kwa mgongo wa wayo, penye vifupa vyembamba.

Hatua ya 3: Kuzuia teke. Vaeni kinga za miundi, mwenzako apige polepole, nawe inua goti upokee kwa sehemu ya juu ya muundi. Desemba 2013, katika pambano la UFC, Anderson Silva alivunjika mguu teke lake lilipozuiwa hivyo na mpinzani wake Chris Weidman. Aprili 2021, Weidman naye akavunjika mguu alipompiga mpinzani wake Uriah Hall kwa teke la chini. Wote wawili miundi yao ilikuwa imekomaa. Kwa hiyo nasisitiza: teke la chini litanguliwe na ngumi, mpinzani asipate nafasi ya kuinua goti.

Hatua ya 4: Baada ya mazoezi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10. Chua misuli ya pembeni, usikande uvimbe mpya.

Kila jioni bonyeza muundi kwa kidole kimoja, inchi kwa inchi. Maumivu yaliyotawanyika ni ya kawaida, yatapungua. Ukikuta nukta moja inayochoma, hasa kama inauma hata ukitembea au ukiwa umelala, huenda mfupa umepata ufa. Simamisha mateke na umwone daktari kabla ya kugusa gunia tena.